Lori Langu na Mguu wa Mtu wa Olbalbal

Mimi sikurithi hata mpini wa jembe. Nalisema hilo mwanzoni ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Shule niliiacha darasa la nne, nikashuka Mang'ola kubeba magunia ya vitunguu mgongoni, na kwenye mgongo huohuo ndiko lilikotoka lori. Hakuna mjomba aliyeniinua, hakuna benki iliyonikopesha. Siku nilipolileta Karatu sikuliingiza uani. Nililiegesha pembeni ya njia ya kanisani, Jumapili asubuhi, ili kila mtu alizunguke.

Kazi yangu ilikuwa mahindi. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro watu wanaishi na ng'ombe wao lakini hawaruhusiwi kulima, kwa hiyo chakula kinapanda kutoka kwetu. Walikuwapo waliopeleka kwa pikapu, magunia machache nyuma, wanajiita wafanyabiashara. Mimi nilikuwa napanda lori limejaa mpaka juu, naingia getini, napita kwenye ukungu wa kule juu ya kreta ambako hata mwezi wa kwanza unatamani koti, halafu nashuka upande wa pili hadi Olbalbal, chini kwenye jua na vumbi. Honi yangu ilikuwa inajulikana. Nikiipiga bado niko mbali, wanawake wanaanza kutafuta punda wao. Nilikuwa nauza kwa debe, nakopesha, na anayedaiwa namkumbuka kwa kichwa.

Kiangazi kimoja, mchana kweupe, magari mawili ya watalii yalinipita kwenye mteremko, moja limeshika mkia wa mwenzake, na vumbi lao likafunika kioo changu chote. Dereva mwingine angesimama. Mimi niliendelea, kwa kuwa barabara ile nilikuwa naijua shimo kwa shimo. Ndani ya vumbi lile kulikuwa na mtu anasukuma ndama mkaidi avuke. Nilisikia kabla sijaona.

Nilimpakia mwenyewe, nikamlaza juu ya magunia matupu, nikamkimbiza hospitali. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, mrefu, na njia nzima hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Ndama?" Nikamwambia ndama ni mzima. Sikuwa nimemwangalia ndama. Hospitali walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Polisi sikuficha kitu. Nilikubali kosa mahakamani, nikalipa faini, nikarudishiwa leseni. Kwa upande wa serikali mambo yakaisha. Ukabaki upande wa mguu, na hapo mimi sikuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu nilikuwa na bima. Nisisitize. Wapo wenye malori wanaobandika stika za kuchapishiwa mtaani, wanatembea roho mkononi kila wakiona trafiki. Mimi nililipa bima halali, kila mwaka, kabla ya tarehe. Nilijivunia ile stika kama wengine wanavyojivunia cheti cha shule.

Kampuni ya bima ilinipa wakili wa Arusha. Sikuwahi kumwona uso, tulikuwa tunaongea kwa simu.

"Mzee wangu, nikuombe kitu kimoja," aliniambia. "Usiende kwao. Usipeleke pole, usipeleke hata kilo ya sukari. Ukienda utakuwa umekubali deni, na kampuni itasema umevuruga madai."

"Hata kumjulia hali?"

"Hata kumjulia hali. Hilo niachie mimi. Wewe lala usingizi, ndiyo maana ulilipa bima."

Nikalala. Maneno yale yalinipendeza. Tangu utoto nilikuwa naona watu wakubwa wana mtu wa kuwasemea, wao wamekaa zao nyumbani, na sasa na mimi nilikuwa naye. Kwa Wamasai, kama ilivyo kwetu Wairaqw, ukimwumiza mtu unakwenda kwake. Unakwenda na watu wako, mnakaa na watu wake, mnapeleka kondoo mnene ili majeruhi anywe mafuta yake arudishe nguvu. Hilo hata mtoto anayekulia Karatu analijua. Mimi nililijua vizuri. Lakini nilikuwa na wakili. Nikaacha kabisa kushusha mahindi Olbalbal, nikawa napitiliza mpaka Loliondo na Soitsambu, na pale bondeni nafunga vioo.

Yule mtu alifungua madai. Karatasi zote zilizokuja nilizipeleka kwa wakala wa bima pale stendi, dada mmoja mchangamfu, naye akazituma Arusha. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Halafu simu ya wakili ikawa inaita tu. Nikaenda kwa wakala. Kibanda kilikuwa kilekile na dada ni yuleyule, ila ukutani, mahali pa mabango ya bima, palining'inia makava ya simu na chaja.

"Kaka yangu, kwani hukusikia?"

"Nisikie nini?"

"Kampuni imefungiwa. Imenyang'anywa leseni, ilikuwa haina hela ya kulipa watu. Makao makuu wameweka msimamizi, wafanyakazi wote wameondoka. Hata kamisheni yangu mimi imelala humohumo."

"Na mimi je? Mimi nina stika. Nenda kaangalie kwenye kioo cha lori kama haipo."

"Stika ipo, kaka. Kampuni ndiyo haipo."

"Sasa nani atalipa mguu wa watu?"

Akaanza kupanga chaja zilizokuwa zimeshapangwa. "Ungenunua hata kava," akasema. "Simu yako imechubuka."

Sikucheka, na yeye hakuwa anatania.

Hukumu ilikuwa imeshatoka. Wakili hakutokea, mimi sikutokea kwa kuwa niliambiwa nilale, na mahakama ikasikiliza upande mmoja. Nilikwenda mahakamani kuuliza kama hawakukosea jina. Karani, mama wa makamo mwenye miwani, alinieleza taratibu, kama anayemweleza mtu aliyefiwa. "Baba, bima ni mkataba wako wewe na wao. Huyu aligongwa na wewe. Yeye anakudai wewe, na wewe ukadai huko kwa bima." Huko kwa bima kulikuwa na msimamizi, na kwa msimamizi kulikuwa na foleni ya nchi nzima.

Haukupita muda, dalali wa mahakama akaja na kijigari chake na gundi. Akabandika notisi kwenye kioo cha lori, karibu kabisa na stika ya bima. Lori lisisogezwe, na siku za notisi zikiisha bila malipo, linapigwa mnada. Alikuwa mtu mpole. Alilizunguka lote, akapiga teke tairi la mbele, akasema, "Chombo kizuri hiki." Nikamwambia ndiyo, ni kizuri, nimelitunza mwenyewe.

Nikamlipa wakili mwingine, wa pale Karatu, anishauri. Yeye angalau nilimwona uso. Alisema tukifungua kesi upya nitajibu nini, na kosa nilishalikubali? Kwa maoni yake njia ilikuwa moja. Aliyeshinda akikubali alipwe polepole, twende naye mahakamani iandikwe, na lori linabaki linafanya kazi. Asipokubali, lori linaondoka. "Kamwone," akasema. "Mapema, kabla ya mnada."

Bila lori mimi ni nani? Sijasoma, nimeshapita umri wa kubeba gunia. Watu wa Karatu hawaniiti jina, wananiita kwa lori. Nikapanda.

Nilipanda kwa kruza ya abiria, nimekaa nyuma juu ya mahindi ya mtu mwingine. Nikashushwa njiani Olbalbal, nikatembea kuelekea boma lao. Upepo wa kule kiangazi hauna adabu, unakujaza mchanga mdomoni ukitaka kusalimia. Mama yake alikuwa mlangoni mwa nyumba yake, akaniangalia tu, akaingia ndani. Halafu yeye mwenyewe akatokea zizini, katikati ya ndama, amekamata gongo la kwapani. Mguu wa kulia wa suruali umekunjwa na kufungwa kamba.

"Supai," nikasema.

"Ipa." Salamu aliitikia. Kisha akanitazama sana. "Nilidhani anakuja bima."

"Nini?"

"Mahakamani kila siku walisema ngojeni, bima atakuja. Nilitaka kumwona. Ni mrefu? Mfupi? Ana tumbo?"

"Bima imekufa," nikamwambia.

"Pole. Mmemzika wapi?"

Ndani ya nyumba nilisikia mama yake akikohoa, au akicheka. Nikaanza kumweleza shida yangu, kampuni, notisi, mnada. Alinisikiliza mpaka nilipovuta pumzi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akatazama nyuma yangu, kwenye uwanda, kama ninamficha mtu. "Jambo kama hili haliletwi na mtu mmoja. Nikiongea na wewe hapa, nimeongea na upepo. Kesho utasema nilikubali, mimi nitasema sikukubali, nani alisikia? Lete watu wako, mimi nitaita wangu, tukae."

"Watu gani?"

"Watu wako! Huna kaka? Huna rika? Wewe ulizaliwa na lori?"

Akarudi kwa ndama. Nilitembea mpaka barabarani, nikakaa kwenye jiwe kungoja gari la kunirudisha. Magari ya watalii yalikuwa yanapita. Walikuwa wanapunguza mwendo, wananiinulia kamera, wakiona sina shuka wala mkuki wanazishusha.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu asiyenijua hawezi kulielewa. Mimi sikuwa mchoyo. Misiba yote ya mtaani kwetu nimechangia, na orodha ikisomwa jina langu ndilo lilikuwa linasomwa kwanza na mwenyekiti anasimama kidogo ili lisikike. Harusi, ubatizo, paa la kanisa, kote nipo. Kuhudhuria ndiko sikuhudhuria. Nilikuwa nasema lori haliendeshwi na watu wanaokaa matanga. Nilituma mchango, na mchango wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa wale waliokwenda.

Nilianza kwa jirani, tunapakana ukuta. Nikamwomba anisindikize Olbalbal siku moja tu, gharama zote juu yangu.

"Jirani," akasema, "mama yangu alipofariki ulikuja?"

"Nilitoa mchango kuliko mtu yeyote."

"Ulitoa, na nilishukuru. Ninachouliza ni kama ulikuja."

Nikaenda kwa wenye malori wenzangu. Mmoja alikuwa na safari ya Babati, mwingine anaumwa mgongo. Wa tatu aliniambia wazi, "Wewe si ulisema huhitaji chama chetu? Ulisema chama ni cha wenye vigari." Kweli nilisema. Chama chao kina utaratibu wa kusindikizana kwenye ajali, wanakwenda wote, magari yamefuatana kama harusi. Niliona ni kupoteza mafuta.

Nyumbani nilikuwa mwenyewe. Mke wangu alikuwa Dodoma kwa binti yetu aliyejifungua, na mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa, lakini mama watoto bado alikuwa hajasema anarudi lini. Nyumba yangu ni ya ghorofa, ya kwanza mtaa ule, nimeisimamia tofali kwa tofali. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, kwa sababu meza ya sebuleni ina viti vinane.

Nikampigia.

"Umemwomba kaka yako?" akauliza.

"Yule siwezi."

"Baba watoto, lori uliweza kununua, kaka yako huwezi kumwomba?"

"Unajua alivyo."

"Najua mlivyo," akasema, na mtoto akalia nyuma yake, na akaniambia ngoja, akasahau kurudi.

Kaka yangu analima huko Mbulu, maharage na ngano kidogo. Tumezaliwa tumbo moja, wawili tu. Mtoto wake wa kwanza alipokufa nilituma hela ya jeneza, ya ng'ombe na ya turubai. Tangu hapo tunapigiana sikukuu. Nikampigia siku isiyo sikukuu.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nina jambo Olbalbal, la ule mguu. Wanataka nije na watu wangu. Nakuomba unisindikize."

Nilisikia watu wanapura maharage, fimbo zinapiga kwa zamu.

"Tuko kwenye kupura," akasema. "Lakini usijali. Nitakutumia mchango."

Haikupita dakika simu ikatetemeka. Alikuwa ametuma shilingi elfu tano. Kwa mkulima siyo hela ndogo, wala hakuituma kwa masihara. Alinifanyia kile nilichomfanyia, kwa kipimo chake. Nilikaa na simu mkononi mpaka taa yake ikazima.

Siku za notisi zilikuwa zinakwisha. Nikafanya kama nilivyozoea kufanya nikikosa kitu, nikanunua. Pale kwenye magodauni ya mahindi kuna makuli, watu wazima, wanakaa juu ya magunia wakingoja gari. Nikachagua wawili wenye sura ya heshima.

"Leo hambebi kitu," nikawaambia. "Leo nyinyi ni ndugu zangu."

"Ndugu mkubwa au mdogo?" mmoja akauliza.

"Wewe mkubwa."

"Mkubwa ana posho kubwa?"

"Sawa na mdogo."

"Basi bora niwe mdogo, nisilaumiwe."

Niliwanunulia makoti ya mtumba. Nikatuma ujumbe bomani kwamba nakuja na watu, nikakodi kruza, nikanunua na kondoo mnene kabisa, mkia umemning'inia kama mkoba. Tulipopita ukungu wa juu ya kreta wale wawili walikuwa wanaimba, wamefurahia safari. Mimi nilikuwa mbele na dereva. Nakumbuka niliwaza kwamba hivi ndivyo watu wenye ndugu wanavyosafiri, na nikapenda kelele yao, ingawa nimeilipia.

Bomani walikuwa wameshakaa, wanaume saba au wanane, kwenye kivuli chembamba cha ua wa miiba. Waliitwa kutoka malishoni, mbali, wana vumbi mpaka kwenye kope. Mmoja nilimtambua haraka. Alikuwa mteja wangu wa zamani, mtu wa sauti kubwa, ambaye kila nikishusha mahindi alikuwa anageuza debe langu juu chini mbele za watu akisema lina kitako cha uongo ndani, halijai. Nikajua siku yangu imeharibika. Tukakaa upande wetu, mimi katikati, makoti mawili kushoto na kulia. Mama wa majeruhi akakaa nyuma ya wanaume, pembeni.

Yule niliyemgonga ndiye aliyeanza. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia kuli wa kulia.

"Wewe ni kaka yake?"

"Wa tumbo moja."

"Vizuri. Na wewe?"

"Tumbo hilohilo," akasema wa kushoto.

"Mama yenu hajambo?"

Nilikuwa nimewafundisha kazi ya baba, shamba lilipo, hata jina la parokia. Hilo la mama sikulifikiria. Wa kulia akasema, "Hajambo, anawasalimu sana." Na wa kushoto, palepale, ameshavua kofia, akasema, "Alitutoka zamani, Mungu amrehemu."

Halafu yule mteja wangu wa debe akapiga paja. "Huyo mama amefufuka hapo getini au wapi?" Wakacheka wote, wakacheka mpaka wengine wakalala ubavu, na mama nyuma yao akafunika uso kwa shuka, mabega yanatikisika. Makuli wangu nao wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Walipotulia nikasema, "Mama yangu alikufa. Nilikuwa Mang'ola nabeba vitunguu, nikaambiwa ameshazikwa. Hawa wawili siwajui hata majina. Nimewalipa."

"Kwa nini?" akauliza yule wa gongo.

"Sina wa kuja naye."

"Hakuna hata mmoja? Karatu nzima ile?"

"Hakuna."

Kicheko kiliisha chenyewe. Nadhani hilo ndilo jambo ambalo hawakulitegemea. Walikuwa wamejiandaa kwa mtu tajiri, mkaidi, wamgeuze kama debe. Wakaanza kusemezana kwa Kimasai, polepole, na mimi Kimasai changu ni cha sokoni, cha bei na salamu. Niliwasikia tu wakinitaja kama ormek, mtu asiye wa kwao.

Kisha yule niliyemgonga akanigeukia, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hawa wote unaowaona, kesho wanarudi kwa ng'ombe. Huku maji yamekwisha, wanahama na mifugo mbali. Zamani na mimi nilikuwa nahama nao. Loliondo nilikuwa nakwenda na kurudi na ng'ombe kwa miguu, sioni kama ni kazi. Sasa nabaki hapa na ndama na mama yangu. Nasikiliza magari. La kwako nililijua kwa honi, kila wiki linapita. Nikasema leo atasimama. Ukapita."

"Wakili alinikataza."

"Hata ungekuja tugombane. Ningepata mtu wa kugombana naye."

Nikaitazama ile kamba ya suruali yake.

Wakasemezana tena. Mwisho yule mtu wa debe akasimama, ananung'unika, akachukua fimbo yake, akavuka ile nafasi iliyokuwa kati yetu na wao. Akamgusa kuli wa kushoto kwa fimbo begani. "Sogea, ndugu wa kukodi." Akakaa ubavuni kwangu, goti lake likagusa langu, ananukia moshi na maziwa.

"Wamesema mtu asiye na upande hawezi kukaliwa kikao," akaniambia. "Kwa hiyo leo mimi ni wako. Usifurahi. Debe lako lilikuwa na kitako."

"Debe langu lilikuwa halali."

"Nyamaza. Anayesema hapa ni mimi."

Na akasema. Sijawahi kutetewa hivyo na mtu yeyote, wala kabla wala baada. Alisimama, akapiga fimbo chini, akawafokea watu aliotoka kukaa nao kana kwamba hajawahi kuwaona. Alipoona siambulii kitu akahamia Kiswahili ili na mimi nisikie. Lori likipigwa mnada, alisema, litanunuliwa na tajiri wa mjini kwa bei ya chuma chakavu, na mguu wa mtu wa hapa utakuwa umelipwa kwa chuma chakavu. Lakini lori likiwa hai linaleta mahindi. Aachiwe, na kila safari anayopanda asimame hapa, ashushe fungu la mwenye mguu kabla hajauza popote, mpaka deni liishe.

"Na akikimbia?" mmoja akauliza kutoka ule upande.

"Akimbilie kwa nani? Si mmesikia hana mtu?"

Lilinichoma, lakini ndilo lililomaliza ubishi. Wakavutana kuhusu ukubwa wa fungu, na huyu wa kwangu akanipigania kwa magunia kama yanatoka ghalani kwake. Walipopatana, yule wa gongo akanyoosha mkono, nikaushika. Kondoo akakabidhiwa mama. Alimpapasa mkia, akasema mguu umeshapona siku nyingi, lakini mafuta ni mafuta.

Tulikwenda mahakamani pamoja, mimi na yeye na wawili wa kwao. Ikaandikwa, dalali akaja kubandua notisi yake, stika ya bima ikatoka nayo nusu. Lori ninalo mpaka leo na deni bado nalilipa.

Ila siku ninayoirudia kichwani ni ileile ya kikao, pale kilipokwisha. Mteteaji wangu alisimama, akakung'uta vumbi kwenye shuka, akavuka kurudi kwao bila kuaga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumshukuru. Alipokaa kule, akaniangalia kama wenzake walivyokuwa wananiangalia, mdaiwa wao, mwenye debe la wasiwasi, na akaomba ugoro kwa jirani yake. Wale makuli walikuwa wameshaingia kwenye gari wanaulizana tutafika Karatu saa ngapi. Nikabaki nimekaa chini, nafasi kulia, nafasi kushoto. Sikujua kikao cha namna ile kinaondokwaje, nani anatakiwa kusimama kwanza, na mtu husema nini akisimama. Sikuwa na wa kumwuliza.